MREJESHO: Sensa ya gesi MQ-6 iliyokuwa inalia ovyo karibu na tanuri la mikate

Wakuu, niliuliza kwa nini sensa inapiga king'ora bila gesi kuvuja. Imetulia, asanteni sana.

Kosa kubwa lilikuwa mahali. MQ-6 inavumilia hewa ya hadi nyuzi 50 tu, na ukutani juu ya tanuri joto linazidi hapo. Ndani yake kuna oksidi ya bati inayopashwa moto na hita: oksijeni hushika elektroni juu ya uso wake, gesi ikija inaziachia, ukinzani wa umeme unashuka, na saketi inajua kuna gesi. Joto la nje nalo linaushusha, basi saketi inadhani ni gesi. Nimeihamishia sentimita 30 kutoka sakafuni, pembeni mwa mtungi. LPG (gesi ya mtungi ya kupikia) ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kule juu ingechelewa hata kuinusa!

Pia hita inakula karibu miliampea 150, ikitaka volti 5 kamili. Ipeni chaja yake. Rezista ya mzigo (inayogeuza ukinzani wa sensa kuwa volti za kusomwa) nimeweka kilo-omu 20, na nikaiacha sensa iwake saa 24 kabla ya kurekebisha vipimo vyake.

Silikoni ya kuzibia msiitumie karibu na sensa. Mvuke wake unaiua kabisa.