Ziara ya mahekalu na miji ya milima ya Himalaya kwa gari: je, Agosti na siku 12 vinatufaa sisi watu wa pwani?

Mwalimu Mstaafu wa Mkomani, Lamu

Hamjambo ndugu zangu. Rafiki yangu wa tangu ujana, Mhindu mzaliwa wa Malindi, ametualika mimi na mke wangu tufuatane na familia yake kuzuru mahekalu na miji ya mapumziko iliyoko milimani kaskazini mwa India. Mpango ulioandikwa na mwanawe ni kwamba tufike Delhi mwanzoni mwa Agosti, wajukuu wakiwa wamefunga shule, tukodi gari pamoja na dereva wake, twende Shimla na Manali, tuteremke hadi Haridwar na Rishikesh, tupande tena kwenda Kedarnath na Badrinath, kisha tumalizie Nainital, na yote hayo yafanyike kwa muda wa siku 12.

Nikiitazama ramani, masafa hayanitishi. Kutoka Rishikesh hadi Badrinath ni takriban kilomita 300, ambazo hazifiki safari ya Mokowe hadi Mombasa tunayoimaliza kwa siku moja. Kinachonitia shaka ni mwinuko, kwa kuwa mimi nina umri wa miaka 63, mke wangu ana miaka 58 na anatumia dawa za presha, na hakuna kati yetu aliyewahi kulala mahali palipo juu kuliko Nairobi. Vilevile ningependa kujua sisi Waislamu tutasimama wapi wenzetu watakapoingia mahekaluni, kwa sababu sitaki kumtahayarisha rafiki yangu mbele ya mlango wa ibada yake. Aliyewahi kufika huko naomba anishauri kwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba mpango haufai.

Jirani wa Malindi

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mhindu wa hapa Malindi, na niliwapeleka wazazi wangu katika ziara ya Char Dham, yaani mahekalu manne ya Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona.

Kwanza ni huo mwezi. Nakusihi umwombe rafiki yako auache. Wewe ni mtu wa Lamu na upepo huu unaujua kuliko mimi: kusi inayochafua bahari yenu mwezi wa Agosti ndiyo hiyo hiyo inayopita mbele ya pwani ya Somalia, ikachota unyevu wa bahari na kuupeleka Bara Hindi. Ikifika Himalaya hukuta ukuta isioweza kuuvuka, na mvua iliyobaki huangukia miteremko ile kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Manahodha wetu wa zamani hawakutweka tanga kwenda Bara Hindi kusi ilipokuwa kali. Waliondoka mwanzoni mwake, au walingoja mpaka ilegee. Barabara za milimani zinataka subira ya namna hiyo hiyo. Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mvua kubwa, pamoja na maji ya ziwa dogo lililopasua kingo zake juu ya Kedarnath, vilifagia karibu mji wote. Hekalu la mawe lilibaki limesimama, kwa kuwa jabali lililosukumwa na maji lilikwama nyuma yake na kuyagawa mafuriko pande mbili, lakini katika jimbo la Uttarakhand watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Julai 2023 mto Beas ulimeza sehemu za barabara ya kwenda Manali. Tarehe 5 Agosti 2025 maji na tope vilikiangukia kijiji cha Dharali, kwenye njia ya Gangotri, tena mchana kweupe. Na hata katika mwaka usio na msiba, mwezi wa Agosti unaweza kukaa siku nzima ndani ya gari ukingoja matingatinga yaondoe mawe yaliyoporomoka.

Pili, Mwalimu, kule safari haipimwi kwa kilomita. Hizo kilomita 300 za kutoka Rishikesh hadi Badrinath huchukua saa kumi hadi kumi na mbili za kona zisizokwisha, mlima ubavuni na korongo upande wa pili, na dereva mwenye busara hakubali kuendesha usiku. Sisi tulizigawa kwa siku tatu na sikujuta. Barabara inafuata mto Alaknanda na kupita katika makutano matano ya mito ambayo kwetu ni matakatifu. La chini kabisa ni Devprayag, ambako Alaknanda hukutana na Bhagirathi, na kuanzia hapo ndipo mto huitwa Ganga, yaani Ganges. Tulipofika, mto mmoja ulikuwa na rangi ya kijani na mwingine rangi ya udongo, na kwa hatua kadhaa ilitiririka ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Mama yangu aliyezaliwa Malindi alikuwa akilitaja jina hilo katika sala tangu utotoni bila ya kupaona mahali penyewe. Aliteremka ngazi polepole, akaingiza miguu majini, akakaa kimya kwa muda mrefu. Tungefuata mpango wa siku 12 kama wenu, hapo tungepita bila ya kusimama.

Kuhusu Kedarnath, fahamu kwamba gari haliendi. Barabara inaishia Sonprayag na Gaurikund, kisha kuna kilomita 16 hivi za kupanda kwa miguu, kwa farasi au baghala, kwa kubebwa, ama kwa helikopta zinazoruka hali ya hewa ikiruhusu. Badrinath, kinyume chake, inafikika kwa gari hadi mjini. Ziara hizi zinahitaji kujiandikisha mapema katika mtandao wa serikali ya jimbo, na bila ya hati hiyo mtazuiwa njiani na kurudishwa.

Kuhusu swali lako la mwisho, kila hekalu lina kanuni zake, na yapo yanayowapokea Wahindu peke yao. Mwache rafiki yako aulize katika ofisi ya hekalu siku moja kabla, ili swali hilo lisiulizwe mlangoni mbele ya foleni. Mkiambiwa msubiri nje, hapana aibu. Mtu aliyefunga safari ya mbali akakaa kulinda viatu vya wenzake huheshimika sana kwetu. Vueni viatu mapema, acheni mikanda na mikoba ya ngozi hotelini, na msipige picha ndani.

Muuguzi Malindi

Naunga mkono ushauri wa Jirani, nami nitaongeza ya afya. Shimla iko mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari na Nainital takriban mita 2,080, kwa hiyo zote mbili ziko chini ya Nyahururu, na watu wengi huwa salama hapo wakipumzika siku ya kwanza. Hatari huanza kuwa ya kweli ukipita mita 2,500. Badrinath inapita mita 3,100, na Kedarnath iko mita 3,583, ambako kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ufukweni Lamu.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Mtu mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishie. Akianza kuhema ilhali amekaa, au kuyumba kama mlevi, au kuzungumza maneno yasiyoungana, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku na hata ikiwa wenzake wamebakisha saa moja tu kufika hekaluni. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu katika safari ya ibada mgonjwa mwenyewe ndiye anayeficha maumivu ili asiwarudishe wengine, na mke wako, akiwa mgeni wa watu, atakuwa na sababu mbili za kunyamaza. Mpeni ruhusa ya kusema kabla hamjatoka nyumbani.

Kanuni inayofuatwa ni kwamba mkishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kuna dawa ya kuzuia iitwayo asetazolamidi, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, hasa kwa anayetumia dawa za presha, kwani baadhi ya dawa hizo nazo humfanya mtu akojoe sana.

Jambo jingine linalowakwamisha Wakenya wengi ni kadi ya njano. India inamdai kila msafiri anayetoka Kenya cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, jambo ambalo lingemaliza nusu ya safari yenu.

Seremala wa Langoni

Mwalimu, salamu. Nilimsindikiza ami yangu kwa matibabu Delhi, na alipopata nafuu nilipata siku chache za kwenda Shimla na Manali. Ushauri wangu ni kwamba mchague jimbo moja, ama Himachal, iliko miji hiyo miwili, ama Uttarakhand, kwa sababu kutoka Manali hadi Haridwar mtapoteza siku mbili nzima barabarani. Kama uchaguzi ungekuwa wangu, ningechagua Himachal, na sababu yangu ni mbao.

Juu ya Manali, ndani ya msitu wa mierezi, lipo hekalu la Hidimba lililojengwa mwaka 1553. Mlango wake umechongwa kila upande, na nilisimama mbele yake mpaka dereva akaja kunitafuta. Katika vijiji vya huko kuna ujenzi uitwao kath-kuni: fundi hulaza boriti mbili za mwerezi sambamba, akajaza mawe katikati bila ya chokaa, akalaza nyingine juu ya hizo kwa kukatisha pembeni, tabaka la mbao na tabaka la mawe mpaka kwenye paa. Sisi tunashikanisha matumbawe kwa chokaa na kuweka boriti za mikoko kwenye dari tu, kwa sababu nyumba zetu zinapambana na chumvi na joto. Nyumba zao zinapambana na mitetemeko. Tetemeko la Kangra la tarehe 4 Aprili 1905 liliua watu karibu 20,000, na wenyeji wanaamini kuta hizi hustahimili kwa sababu zinaachiwa nafasi ya kucheza.

Mkienda Shimla, pandeni reli nyembamba inayotoka Kalka. Ilifunguliwa mwaka 1903, ina urefu wa kilomita 96 na mahandaki zaidi ya 100, na inapanda taratibu kiasi kwamba mwili unazoea njiani.

Mfugaji wa Punda, Shela

Naomba niseme machache juu ya wale baghala wa Kedarnath. Sisi tunaoishi kwa punda tunajua mnyama aliyechoka anavyosimama. Kilomita 16 za ngazi na baridi si mchezo, na wako wanaopandishwa na kurudishwa siku moja bila ya kupumzishwa. Mkilazimika kumtumia, mtazameni mgongoni chini ya tandiko na miguuni kabla ya kulipa, na mkiona kidonda mkatae. Mwenye mnyama hubadilika abiria wanapomkatalia.

Mwalimu Mstaafu wa Mkomani, Lamu

Nawashukuru nyote. Nilimsomea rafiki yangu majibu haya kwa simu, na nilipofikia habari ya Devprayag alinyamaza, kisha akasema kwamba hata yeye anataka asimame pale kama mama wa Jirani. Tumekubaliana kuiacha Agosti na kusafiri mwishoni mwa Oktoba, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ndefu na mvua zikiwa zimekwisha. Himachal tumeiweka kwa mwaka mwingine, ingawa Seremala amenitia hamu isiyoisha. Kedarnath tumeiacha, kwa ajili ya mke wangu na kwa ajili ya hao baghala. Tutakwenda Haridwar, Rishikesh, Badrinath, kisha tutapumzika Nainital kwa siku nne. Nainital ina msikiti wake wa Ijumaa, na mimi niliyefundisha historia kwa miaka mingi nina haja nyingine huko: Jim Corbett, yule mwindaji na mwandishi, alizaliwa katika mji huo mwaka 1875, akahamia Kenya mwaka 1947, akafariki Nyeri mwaka 1955 na kuzikwa huko. Kaburi lake nimeliona. Nataka niuone na mji alikozaliwa.

Jirani, nimebakiwa na maswali mawili. Tulale wapi ili tusivunje kanuni ya Muuguzi, na je, hekalu la Badrinath litakuwa bado wazi?

Jirani wa Malindi

Mwalimu, Badrinath kwa kawaida hufungwa katikati ya Novemba. Tarehe yenyewe hutangazwa na makuhani kwa kalenda yetu, kwa hiyo isubirini kabla ya kukata tiketi. Kedarnath hutangulia kufungwa siku chache baada ya Diwali, sikukuu yetu ya taa, na sanamu yake hushushwa kwa maandamano hadi Ukhimath ikae huko majira yote ya baridi.

Kuhusu malazi, laleni Rishikesh, kisha Rudraprayag, kisha Pipalkoti ambayo iko mita 1,260 hivi. Wengi hulala Joshimath, lakini mwanzoni mwa 2023 ardhi ya mji huo ilididimia na mamia ya nyumba zikapata nyufa, na mimi binafsi ningepita tu. Kutoka Pipalkoti hadi Badrinath ni kilomita 80 hivi. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri mtafika, wenzenu watasali, mtakunywa chai ya moto mkiutazama mlima Nilkantha, na jioni mtakuwa mmerudi kulala chini. Kabla ya kulipia hoteli yoyote, ulizeni kama ina kibali cha kupokea wageni wenye pasipoti za nje, kwa maana nyumba ndogo nyingi hazina. Chukueni soksi nene pia, kwa kuwa mawe ya uwanja wa hekalu mwezi huo yana baridi inayopenya, na viatu mtaviacha mbali.

Mkishapata tarehe nitumieni. Dereva aliyetupeleka sisi bado tunawasiliana naye, na nitamwuliza kama ana nafasi.