Naomba ushauri: nisomeje bayoanuai bila kuishia kukariri?

Habari zenu wadau. Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, somo la biolojia, na mada ya bayoanuai (aina mbalimbali za viumbe hai) imenielemea. Sekondari tulisoma falme tano, yaani makundi makuu matano ya viumbe, za mwanabiolojia Whittaker za mwaka 1969. Huku tumeanza na domeni tatu (makundi yaliyo juu ya falme) walizopendekeza mwanabiolojia Woese na wenzake mwaka 1990: bakteria, arkea (vijidudu vya seli moja visivyo na kiini, tofauti na bakteria) na yukariota (viumbe wenye seli zenye kiini). Hapo naelewa. Shida ni mti wa ukoo wa viumbe. Kumbe kuvu wana undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea, na mamba yuko karibu na ndege kuliko na mjusi! Mambo haya nayapenda sana, ila nikifika kwenye faila (makundi makuu ndani ya ufalme) za wanyama na sifa zake (ulinganifu wa mwili, matabaka ya kiinitete, uwazi wa ndani ya mwili) vyote vinachanganyika.

Mliopita njia hii, mlianza na mti au na sifa za kila kundi? Kuchora mwenyewe kunasaidia kweli? Na maabara, mlijizoezaje kutambua vielelezo? Mtihani wa vitendo ndio ninaouogopa zaidi.