Wiki ya mahafali ya darasa la saba: kwenu ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Baba Wawili:
Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu yuko darasa la saba, shule ya serikali huku Morogoro. Juzi kaja na karatasi ya ratiba, imegongwa muhuri wa mwalimu mkuu kabisa. Ni wiki nzima ya shamrashamra kabla ya mtihani wa Septemba. Jumatatu usafi na kupanda miti, Jumanne maswali na majibu kati ya mikondo, Jumatano michezo (walimu nao wanacheza), Alhamisi mazoezi ya mwisho ya kwaya na ngonjera, Ijumaa mahafali yenyewe. Chini kabisa, kwa maandishi ya kusomea miwani: mchango elfu ishirini na tano. Fulana, keki, pilau, soda, picha.

Nikataka kuuliza, si tuliambiwa tangu Januari 2016 elimu ni bila ada? Mama watoto akanitupia lile jicho. Nikanyamaza.

Mimi nilimaliza 1994 huko Ulanga. Mahafali yetu yalikuwa kikombe cha chai ya rangi na andazi moja, cheti ukakifuate mwenyewe ofisini. Sasa kabla sijatoa hela naomba niwasikie, walimu, wazazi na nyie mliopitia. Wiki kama hiyo kwenu ilikuwaje, na mpaka leo mnaikumbuka kwa lipi?

Kiranja Mstaafu:
Mkuu, mimi nakumbuka jogoo.

Iringa vijijini, siku ya michezo. Mbio za magunia zilikuwepo, kuvuta kamba, na zile za yai kwenye kijiko, ila sisi tulipewa viazi kwa sababu yai ni mali. Mwisho kabisa kufukuza kuku. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa ametoa jogoo mmoja mkorofi, anayemkamata ndiye mwenye naye. Tukapanga mstari wavulana ishirini na kitu, filimbi ikalia, jogoo akaachiwa.

Yule ndege hakukimbilia uwanjani. Alikata kona kwenda nyumba za walimu, akaingia jikoni kwa mwalimu wa zamu, na sisi nyuma yake. Sufuria ya maharage ilikuwa mafigani. Sijui nani aliipiga teke, mpaka leo hatutajani. Mimi nilimkamata chini ya kitanda cha mwalimu, nikatoka naye mikono juu, shule nzima inashangilia, kasoro mke wa mwalimu.

Kikakaa kikao. Jogoo ni wangu, lakini maharage ya watu yamemwagika. Ikaamuliwa achinjwe pale pale, apikwe kwa mwalimu, nami nikaribishwe mezani. Mwalimu akanipa firigisi. Firigisi, jamani, mtoto wa miaka 14! Nilipofika nyumbani nikamsimulia mzee, akaniuliza mara mbili kama nina hakika ilikuwa firigisi.

Dada wa Tabata:
😂😂 Na ukaila mbele ya mwenye nyumba?

Kiranja Mstaafu:
Niliila dada. Adabu nilikuja kuipata baadaye.

Mbuzi wa Wete:
Assalaam alaykum. Huku kwetu Pemba hayo ya keki na fulana wakati wangu hayakuwapo. Wiki kubwa ya maskuli ilikuwa ya Septemba, ya elimu bila malipo, maana Mzee Karume aliitangaza tarehe 23 Septemba 1964. Maskuli yanashindana kwa siku kadhaa, kisha kilele chake watu wanakusanyika kiwanjani Gombani.

Skuli yetu ilikuwa na mashindano yake ya mchujo. Nage kwa wasichana, kamba, magunia, na kukuna nazi. Ya kukuna nazi yalikuwa ya wavulana na wasichana pamoja. Mvulana aliyepangwa siku ile akaumwa na tumbo (mimi nasema aliogopa). Mwalimu akanishika bega: "Wewe, kalia mbuzi." Nyumbani sisi ni wavulana watupu, bi mkubwa hakuwa na msaidizi mwengine, kwa hivyo nazi nimezikuna tangu nina miaka saba. Nikawamaliza wote. Kifuu changu cheupe, hata cha kulamba hakuna.

Zawadi ilikuwa daftari nne na kalamu. Jina hilo mnaloliona hapo juu ndilo lililobakia, na sasa hata watoto wangu wanalijua.

Mwalimu Chaki:
Niseme kwa upande wa pili wa meza, maana nimeandaa mahafali kumi na moja.

Ratiba ya Ijumaa huandikwa saa nne kamili. Msiiamini. Saa nne ni ya watoto na wapishi. Mwaka mmoja mgeni rasmi wetu alifika saa nane kasoro robo. Watoto wameketi kwenye madawati juani tangu asubuhi, mashati meupe yameshabadilika rangi. Kwaya imeimba nyimbo zote tano, nikawaambia warudie kuanzia ya kwanza. Msichana mmoja akaanguka kwa jua, tukamkimbiza ofisini, tukampa soda iliyotengwa kwa ajili ya meza kuu. Ndiyo soda pekee niliyowahi kuiona ikifanya kazi ya maana siku ile.

Risala niliandika mimi. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa na matundu sita kwa watoto zaidi ya mia saba. Mwalimu mkuu akaisoma, akasema, "Punguza ukali, huyu ni mgeni." Nikafuta maneno, namba nikaziacha. Mgeni alisikiliza, akasimama, akaahidi mifuko thelathini ya saruji. Vigelegele. Ilikuja kumi na mbili, baada ya mwaka, na mmoja ulikuwa umeshaganda.

Lakini Baba Wawili, kuhusu huo mchango kuna jambo nataka ulijue. Kila mwaka wapo watoto ambao kwao hela haipatikani, na shule nyingine humwambia mtoto wa namna hiyo abaki nyumbani Ijumaa. Tulikuwa na kijana mmoja anayelelewa na bibi yake, na ndiye alikuwa kinara wa ngonjera, sauti ya kusimamisha ng'ombe. Fulana hakulipia. Alhamisi jioni mimi na mwalimu wa kwaya tukala njama: tukatangaza kwamba ngonjera itaghaniwa kwa sare za shule, fulana zitavaliwa wakati wa kula. Wenye fulana walinuna kweli kweli. Yule kijana akaja na shati lililopigwa pasi ya mkaa, mkunjo wa mkono unaweza kukata mkate, akasimama katikati.

Na wakati wa kula? Wakati wa kula fulana moja ilikuwa imezidi. Msiniulize ilitoka wapi.

Mnyonge Mnyongeni:
Mwalimu heshima kwako, ila michango yenyewe ndiyo inayozaa huo unyonge. Futeni keki, futeni fulana, watoto waimbe wale waende zao.

Mwalimu Chaki:
Kaka, keki hiyo wanaidai wazazi kwenye kikao. Njoo siku moja ukatae mbele ya akina mama uone.

Nakuru Yetu:
Salamu kutoka Kenya. KCPE, mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi, niliifanya 1998, na sote tunajua mtihani wenyewe ulizikwa 2023. Wiki yetu kubwa ilikuwa ya kadi za heri na maombi. Kadi zilikuwa vita baridi: nani ametumiwa ngapi, na nani anayo ile ya muziki, ukiifungua inalia. Kulikuwa na moja ililia somo zima la hesabu ndani ya dawati, mwalimu akikagua mstari kwa mstari na mwenyewe akijifanya anatafuta pia.

Ijumaa tukabeba kalamu na seti za jiometri kwenda kubarikiwa. Padri akanyunyizia maji, sheikh akasoma dua, wazazi wakasema amina kwa wote wawili. Kalamu yangu iliyobarikiwa ikavuja mfukoni siku ya insha, nikaazima ya jirani ambaye kwao hawakuja kwa maombi. Insha ndiyo niliyofanya vizuri kuliko yote.

Kadi nilipata moja tu, ya shosho, bibi yangu. Hakujua kuandika, kwa hivyo ndani aliweka alama ya kidole gumba. Ninayo.

Fundi Umeme:
Sisi mpiga picha alichukua kishika uchumba cha darasa zima, akatupanga, akatuambia tucheke, kamera ikamulika. Hatukumwona tena. Nahisi hata filamu haikuwemo.

Dada wa Tabata:
Swali la kizushi: 2027 darasa la sita la mtaala mpya (wao shule ya msingi ni miaka sita) na la saba la mtaala wa zamani wanamaliza pamoja. Pilau itatosha?

Mwalimu Chaki:
Hilo mpelekeeni kamati ya chakula.

Baba Wawili:
Wakuu, nimewasoma wote. Leo jioni nimekaa na binti nikamuuliza yeye kapangiwa nini. Kumbe yumo kwenye ngonjera, na ana wiki mbili akiifanyia mazoezi nyuma ya banda la kuku, mimi nikidhani anagombana na mtu.

Nimetoa elfu ishirini na tano. Nikamuuliza kama kuna mwenzake ambaye fulana itampita, akanitajia wawili, haraka haraka, kama aliyekuwa akisubiri niulize. Mama watoto kaongeza ya mmoja, wa pili nitaongea na mwalimu wake Jumatatu.

Ratiba inasema Ijumaa saa nne kamili. Mwalimu Chaki, nitafika saa saba, na mwavuli, na ndoo ya maji ya kunywa.