Mets 2025: walikosa warushaji wa kuanza au warushaji wa akiba? Tulinganishe

Kijana_wa_Queens

Habari za wakati huu wakuu. Msimu wa 2025 umeisha, Dodgers wamebeba World Series (fainali ya ligi kuu ya besiboli Marekani) kwa mara ya pili mfululizo, na mimi bado nina la moyoni kuhusu timu ya New York Mets: walikosa warushaji wa kuanza (wanaofungua mchezo) au wa akiba (wanaowapokea baadaye)? Naomba tulijadili kwa hesabu, kwa sababu ndilo litakaloamua timu inayowania ubingwa itumie wapi pesa zake kabla ya msimu wa 2026.

Tarehe 12 Juni Mets walikuwa wameshinda 45 na kupoteza 24. Hakuna timu nyingine iliyokuwa na rekodi nzuri kuliko hiyo. Siku hiyohiyo, dhidi ya Washington Nationals, mrushaji wao wa kuanza Kodai Senga alikimbilia besi ya kwanza kupokea mpira wa mwenzake Pete Alonso. Mpira ukaja juu, Senga akaruka, akaudaka, akatua na mguu kwenye besi, na papo hapo akashika nyuma ya paja. Mpaka dakika ile alikuwa anaruhusu wastani wa pointi 1.47 tu kwa kila zamu 9, yaani kwa mchezo mzima. Kuanzia hapo hadi mwisho Mets walishinda 38, wakapoteza 55. Wakamaliza 83-79, sawa na Cincinnati Reds, na Reds wakapita kwenda mtoano kwa kuwa waliwazidi walipokutana wenyewe kwa wenyewe.

Senga hakuwa peke yake. Griffin Canning alikatika kano ya kisigino mwishoni mwa Juni. Tylor Megill, kiwiko. Sean Manaea na Frankie Montas walianza msimu wakiwa tayari kwenye orodha ya majeruhi. Kuanzia katikati ya Juni mpaka katikati ya Agosti, David Peterson ndiye pekee kati ya warushaji wa kuanza aliyekuwa akimaliza zamu 6.

Halafu ikakaribia 31 Julai, siku ya kufungwa dirisha la kubadilishana wachezaji. Mkuu wa shughuli za besiboli, David Stearns, akaleta Gregory Soto, Tyler Rogers na Ryan Helsley. Wote ni wa akiba. Wa kuanza hakuja hata mmoja.

Njia zilikuwa tatu: kutafuta mrushaji wa kuanza, kuimarisha akiba, au kupandisha chipukizi kutoka ligi ndogo. Mimi nasema ya kwanza, na sababu yangu ni ndogo. Mchezo una zamu 9. Mrushaji wa kuanza akitoka baada ya zamu 5, zinabaki 4, na timu inacheza karibu kila siku. Kwa michezo 6 ya wiki moja ni zamu 24 juu ya mabega ya watu 8. Ukiwaletea wenzao watatu wapya, unawatia wageni kwenye kazi ileile iliyowamaliza wenyeji. Helsley alitoka St. Louis akiwa na jina kubwa, akafika New York akaruhusu wastani wa pointi 7.20. Na kumbukeni Mets tayari walikuwa na Edwin Díaz aliyemaliza na 1.63. Walikuwa na mtu wa kufunga mlango, ila siku nyingi nyumba ilishaibwa kabla hajaitwa.

mama_Asha

Kaka, takwimu zako ni sahihi ila hujataja bei. Hao warushaji wa kuanza ungewatoa wapi tarehe 31 Julai?

Sandy Alcantara alibaki Miami. MacKenzie Gore alibaki Washington. Joe Ryan alibaki Minnesota, Mitch Keller akabaki Pittsburgh. Timu zao hazikuridhika na walichopewa. Aliyehama ni Merrill Kelly, na Texas Rangers walitoa chipukizi watatu, wote warushaji, kwa mtu ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu huohuo. Rangers wamemaliza 81-81, nje ya mtoano, na Kelly akawa huru kwenda anakotaka. Hiyo ndiyo njia yako ya kwanza, imejaribiwa na timu nyingine, na matokeo ndiyo hayo.

Kumnunua mrushaji wa kuanza mapema kwa pesa nako kuna hatari zake. Msimu wa baridi wa 2024-25 wakubwa sokoni walikuwa watatu. Corbin Burnes alikwenda Arizona kwa dola milioni 210 kwa miaka 6, na mwezi Juni akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Blake Snell alikwenda Dodgers kwa milioni 182 kwa miaka 5, akakaa nje miezi kadhaa akiuguza bega. Max Fried alikwenda Yankees kwa milioni 218 kwa miaka 8, akashinda 19 na kupoteza 5. Mmoja mzima, mmoja nusu, mmoja hospitali. Stearns alipoamua kugawa hatari kwa mikataba midogo, hakuwa mjinga.

Mgeni_besiboli

Samahanini wakubwa, mimi naufuatilia mchezo huu tangu mwaka huu tu. Kama tatizo ni zamu, kwa nini warushaji wa akiba wasirushe zamu 3 au 4 kila mmoja? Na kwa nini kocha anamtoa mrushaji wa kuanza hata pale anapofanya vizuri?

Kobe_wa_Tanga

@Mgeni_besiboli maswali mazuri, karibu sana jukwaani.

La kwanza. Mrushaji wa akiba amejengwa kwa nguvu nyingi ndani ya muda mfupi. Anarusha kwa kasi yote aliyonayo, mara nyingi kwa aina 2 tu za mipira, na kesho anaweza kuitwa tena. Wa kuanza ana aina 4 au 5, anapima nguvu zake, kisha anapumzika siku 4 au 5. Kumgeuza mmoja kuwa mwingine kunawezekana, ila mwili unadai. Mfano uko hapohapo Mets: Clay Holmes alikuwa wa akiba Yankees, mwaka 2024 alirusha zamu 63. Mets wakamfanya wa kuanza na mwaka 2025 akarusha zaidi ya 165. Alianza vizuri sana, na kiangazi kilipokolea ukaanza kuona anatoka zamu ya 5 au hata ya 4. Ukitazama ongezeko hilo la kazi huwezi kumlaumu.

La pili. Mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu ndani ya mchezo mmoja, ameshaona mipira yake yote na kasi yake. Kwa kawaida hupiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana makocha wa siku hizi hawangoji. Kuna siku hesabu hiyo ilileta kilio: World Series ya 2020, mchezo wa 6, Blake Snell akiwa bado Tampa Bay. Alikuwa amerusha mipira 73 tu, ametoa wapigaji 9 kwa straiki (bila wao kuufikisha mpira uwanjani), ameruhusu hiti 2 (mapigo ya kufika besi). Kocha Kevin Cash akamtoa katika zamu ya 6. Dodgers wakageuza matokeo na kushinda 3-1, ubingwa ukaisha usiku huo. Mimi nilitazama mchezo ule na mpaka leo naamini Snell alistahili kuendelea.

Shaha_Toronto

Ndugu zangu, mimi naishi Toronto, kwa hiyo mnielewe nikiandika kwa uchungu.

Kama mnataka kulinganisha njia hizi mbili kwa haki, acheni Mets kwanza mwangalie Dodgers. Timu ileile, kocha yuleyule Dave Roberts, mabingwa 2024 na mabingwa 2025, kwa njia mbili zinazopingana.

Mwaka 2024 warushaji wao wa kuanza waliisha. Tyler Glasnow majeruhi, Clayton Kershaw majeruhi, Gavin Stone majeruhi. Waliingia kwenye mtoano na Yoshinobu Yamamoto, Walker Buehler na Jack Flaherty waliyemchukua Detroit dirisha lilipokuwa linafungwa. Siku nyingine walirusha wa akiba mwanzo mpaka mwisho. Dhidi ya San Diego, wakiwa ukingoni mwa kutolewa, walifanya hivyo wakashinda 8-0. Kwa hiyo akiba imara inaweza kukupa kombe. Hilo lisibishwe.

Mwaka 2025 akiba ndiyo ilikuwa donda lao. Tanner Scott, waliyempa dola milioni 72 kwa miaka 4, aliharibu nafasi 10 za kulinda ushindi. Wakafanyaje? Wakawaacha wa kuanza waende mbali. Dhidi ya Milwaukee, timu iliyoshinda michezo 97 na kuongoza ligi nzima, Snell alirusha zamu 8, Yamamoto akarusha zote 9, na Brewers hawakupata zaidi ya pointi 1 katika mchezo wowote kati ya ile minne. Roki Sasaki, aliyeletwa kuanza, wakampeleka kumalizia.

Halafu mchezo wa 7 wa World Series dhidi yetu, Toronto Blue Jays, tarehe 1 Novemba. Shohei Ohtani alianza. Baadaye wakaingia Glasnow, Emmet Sheehan, Snell na mwisho Yamamoto, wote watu wa kuanza. Yamamoto alikuwa amerusha mipira 96 usiku uliotangulia. Binadamu wa kawaida angekuwa na barafu begani. Akaingia zamu ya 9 tukiwa na watu wawili kwenye besi, akatoka salama. Zamu ya 11 Vladimir Guerrero akapiga mpaka besi ya pili, tukapata watu kwenye besi ya kwanza na ya tatu, auti moja tu (mchezaji mmoja ametolewa). Alejandro Kirk akapiga, gongo likavunjika, mpira ukaviringika kwa Mookie Betts, akakanyaga besi ya pili, akarusha ya kwanza. Auti mbili kwa mpigo mmoja. 5-4.

Fundisho ninalolichukua mimi: mrushaji wa kuanza aliye bora unaweza kumtumia kama wa akiba ikifika Oktoba. Wa akiba huwezi kumtumia kama wa kuanza mwezi Juni.

Kijana_wa_Queens

@Shaha_Toronto pole sana ndugu yangu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo nilikuwa naitafuta tangu mwanzo.

Mswahili_MSA

Mimi naongeza San Diego Padres, kwa sababu wao walikwenda na njia ya akiba kwa moyo wote. Walimtoa Leo De Vries, kijana wa miaka 18 aliyehesabiwa miongoni mwa chipukizi bora kabisa duniani, pamoja na wengine watatu, wakampata Mason Miller na JP Sears. Miller anarusha zaidi ya maili 104 kwa saa, na kwenye mtoano wapigaji wa Chicago Cubs walimkuta moto kwelikweli.

Lakini mchezo wa 3 pale Wrigley Field, Yu Darvish alishindwa kumaliza zamu ya pili, Cubs wakatangulia 2-0, na mwisho 3-1. Padres wakaenda nyumbani. Ukianza mchezo ukiwa chini, huyo wa maili 104 analinda nini?

mama_Asha

@Mswahili_MSA hapo unawabebesha warushaji lawama za wapigaji. Timu iliyopata pointi 1 haikutolewa na Darvish.

Na hata Mets ni hivyo. Msimu mzima hawakushinda mchezo hata mmoja ambao walikuwa nyuma baada ya zamu 8. Hata mmoja, katika 162! Timu iliyokuwa na Juan Soto wa dola milioni 765, Francisco Lindor na Alonso. Warushaji wangekuwa wazuri kiasi gani ili kufidia hilo?

Na njia ya tatu, ya kupandisha chipukizi, mmeipita haraka. Nolan McLean alipanda tarehe 16 Agosti, akashinda 5, akapoteza 1, wastani 2.06. Hakuhitaji kubadilishwa na mtu yeyote, alikuwa wao tayari. Angepandishwa Julai, hata wiki tatu tu mapema, tungekuwa tunazungumza mengine leo, kwa sababu walikosa mtoano kwa mchezo mmoja.

Kijana_wa_Queens

Dada, kuhusu McLean nakubali kabisa, na inaniuma. Lakini tazama walivyowapandisha: McLean katikati ya Agosti, Jonah Tong mwisho wa Agosti, Brandon Sproat Septemba. Vijana watatu wakabebeshwa mbio za kuwania mtoano, huku Senga akirudishwa ligi ndogo. Hiyo ilikuwa dharura. Mpaka msimu unaisha Mets walikuwa wametumia warushaji zaidi ya 40. Siku ya mwisho kule Miami, mchezo wa kufa na kupona, wakafungwa 4-0. Washington Nationals wa 2019 walikuwa na akiba mbovu mno, walianza 19-31, lakini Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin waliwavusha mpaka wakabeba kombe. Watu watatu wa uhakika.

Baada ya msimu wa 2025 sokoni walikuwapo warushaji wa kuanza Framber Valdez, Dylan Cease na Ranger Suárez. Mimi ningemchukua Valdez. Alirusha zamu 192 mwaka 2025. Wanachokosa Mets ni zamu.

Kobe_wa_Tanga

Valdez alitimiza miaka 32 Novemba 2025, na mipira yake mingi hupigwa chini kwa chini. Anahitaji wadakaji hodari wa ndani, la sivyo zamu zake 192 zitajaa watu kwenye besi. Suárez alikuwa na wastani bora zaidi, 3.20, ila kasi yake ni ndogo na alikuwa hajawahi kufika zamu 160 kwa msimu. Cease alitoa wapigaji 215 kwa straiki na alikuwa na wastani wa 4.55, na kiafya ndiye aliyeaminika kuliko wote.

mama_Asha

Cease, basi, kama lazima nichague. Lakini mkataba usizidi miaka 5, na McLean aanze naye siku ya kwanza ya msimu.