Mpwa wangu anawasikiliza vijana wa kijiweni kuliko sisi wa nyumbani, nifanyeje?

mjomba_wa_charambe

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo hasa kwa wenye vijana wa miaka 15 kwenda juu, maana wa kwangu wa kuzaa bado wadogo, mkubwa ndo yuko la tatu, haya ya kijana anayeanza kuota ndevu ni mageni kwangu.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 16 yuko fom tuu shule ya kata hapa hapa Mbagala. Mama yake yuko Oman kazi za ndani, aliondoka dogo akiwa darasa la nne akamwacha kwa bibi yake Newala, akakaa huko mpaka akamaliza la saba, alipofaulu familia tukakubaliana aje kwangu asomee Dar. Sisi ni Wamakonde na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndo mwenye sauti, kwa hiyo huyu akiharibika wataniuliza mimi, sio baba yake ambaye hata hajulikani alipo.

Mwaka wa kwanza alikuwa kimya tu, hana neno. Kuanzia mwezi wa tatu mwaka huu amebadilika. Akitoka shule anapitia kijiwe cha bodaboda pale njia panda anaosha pikipiki, na nasikia siku nyingine jioni wanampa deiwaka kabisa anabeba abiria. Anarudi saa tatu usiku, saa nne. Wenzake wanabeti na yeye anaweka mikeka, nimeona meseji kwenye simu, na hiyo simu katumiwa na mama yake. Mke wangu akimtuma anaenda vizuri ila haongei kitu. Mimi nikimkalisha chini anaitikia "sawa mjomba" macho yako sakafuni halafu kesho yale yale. Lakini kuna dereva mmoja mkubwa mkubwa pale kijiweni, huyo akimwambia kitu anafanya hapo hapo. Kwa kweli hilo linaniuma kuliko hata mikeka, chakula namlisha mimi, daftari nanunua mimi, halafu anayesikilizwa ni mtu baki.

Mwezi wa 11 ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nimewaza nimnyang'anye simu na nimpige marufuku kukanyaga pale, au nimtafutie bodi mkoani, au nimrudishe Newala kwa bibi. Mke wangu anataka arudi Newala. Nyie mnaonaje?

Sauti ya Radi

Bodi mkuu, tena ya masista au ya jeshi, na iwe mbali. Wala usijichoshe kuongea. Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo, tukamtoa mjini, leo ana kazi yake na familia yake. Mtoto wa kiume ukichelewa kumtoa kwenye kundi unakuja kumtoa mahabusu.

mwl_kisarawe

Mimi ni mwalimu wa sekondari na bodi nimefundisha. Sipingi bodi, ila mjue kitu kimoja, bodi haimtoi mtoto kwenye kundi, inampa kundi masaa 24. Nyumbani anakuwa na wenzake jioni, kule anakula nao analala nao na mtu mzima ni mmoja wa zamu kwa bweni zima. Mtoto ambaye kwao kuna mtu anaongea naye anaenda bodi anafanya vizuri. Anayeenda akiwa na hisia kwamba amefukuzwa nyumbani, huyo anashikamana na wenzake mara mbili zaidi, nimewaona wengi sana.

Halafu umri wenyewe huo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, wa Gardner na Steinberg, walichukua watu 306 wakawachezesha gemu la kuendesha gari kwenye kompyuta, taa ikiwa njano uamue kusimama au kupita. Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wakiwa pembeni. Wale wa miaka 13 mpaka 16 wakiwa na wenzao walikubali hatari zaidi kwa mbali kuliko wakiwa peke yao. Wa miaka 24 kwenda juu kuwepo kwa wenzao hakukuwabadilisha. Kwa hiyo dogo wako akiwa sebuleni kwako anaweza akakuelewa vizuri kabisa na "sawa mjomba" ikatoka moyoni, akifika kijiweni wenzake wakamwangalia inakuwa habari nyingine. Usimwite mnafiki.

Bi Nargisi

Mwanangu mie nina swali kwanza, kabla sijasema. Huko Newala alikuwa anafanya nini cha mikono, na alikuwa anacheka na nani? Na tangu aje kwako amewahi kumleta rafiki nyumbani hata mmoja akanywa maji?

mjomba_wa_charambe

Shikamoo Bi Nargisi. Newala bibi yake ana mikorosho, msimu wa korosho dogo ndo alikuwa anaokota na kubangua za kula nyumbani, na mnadani alikuwa anaenda na mjomba wake mwingine. Bibi alikuwa anamuita mume wangu, wanataniana kutwa, bibi asipokula na yeye hali. Kule ana marafiki aliotoka nao likumbi, yaani jando la kwetu, kama wanne hivi, walikuwa hawaachani.

Huku kwangu hajaleta rafiki. Tuna vyumba viwili na sebule, na mke wangu hapendi vijana wakubwa ndani kwa sababu tuna binti mdogo, na mimi naona ana haki.

Halafu kuna kitu nimekumbuka nikiandika hapa. Huyo dereva anayemsikiliza ni mtu wa Tandahimba. Wanaongea Kimakonde.

Bi Nargisi

Marahaba baba. Sasa jijibu mwenyewe. Mama kaondoka akiwa la nne. Amekuja akapata bibi, bibi ndo mama ndo mchumba ndo mtani. Akaondolewa na kwa bibi, na marafiki wake wote akawaacha siku moja, akaletwa mjini kwenye nyumba ambayo kila mtu anamtakia mema lakini hakuna wa kutaniana naye. Mwaka mzima akanyamaza, nyinyi mkasema ana adabu. Mtoto wa miaka 14 anyamaze mwaka mzima si adabu hiyo mwanangu, ni upweke. Kaja mtu kamsemesha lugha ya bibi yake, kamtania, kampa kitambaa kasema shika pikipiki hii osha, kamlipa, kamwambia ahsante. Wewe unadhani atamsikiliza nani?

Na suala la binti yako mkeo yuko sahihi, hapo msilegeze. Ila kibarazani hakuna binti. Weka benchi nje, wakae nje mkiwaona.

Mzee wa Kitangari

Nimesoma nimeona nichangie kwa kuwa ni mambo ya kwetu. Vijana wa siku hizi mnadhani mjomba ni wa kutoa adhabu na kulipa ada. Zamani likumbi mtoto hakuachwa na rika lake peke yake porini. Kila mwali alikuwa na mlezi wake, kijana aliyemtangulia, amepita yale yale juzi juzi, huyo ndo anamlisha, anamtunza kidonda, anamfundisha kukaa na wakubwa, na akikosea anambana yeye kabla habari haijafika kwa wazee. Mzazi alikuwa mbali kabisa. Wazee walijua kwamba umri ule mtoto hamsikii baba wala mjomba, anamsikia aliyemzidi kidogo. Kwa hiyo hawakushindana na hilo, walichagua wao huyo aliyemzidi kidogo ni nani.

Mpwa wako amejitafutia mlezi mwenyewe. Hujui kama ni mwema au mbaya kwa sababu hujawahi kukaa naye. Nenda kamjue, ni mtu wa nyumbani, msalimie kwa lugha. Ukimrudisha mtoto Newala sasa hivi katikati ya mwaka atafika kwa bibi kama mtu aliyeshindwa, na wenzake wa likumbi watamuuliza mbele za watu.

boda_gongolamboto

Mimi ni dereva bodaboda wakuu na nina watoto, acheni kutuona wote wahuni. Kijiwe kina uongozi, kina mwenyekiti na katibu, vingine vina na mweka hazina, tunachangiana misiba, tunajuana nani ana tabia gani. Mjomba nenda pale mchana sio usiku, usiende umevimba, muulizie mwenyekiti, jitambulishe wewe ni mzazi wa kijana fulani. Omba vitu viwili tu. La kwanza deiwaka asipewe kabisa, hana leseni, siku akigonga mtu bima haitamtambua na mwenye pikipiki ataangukia kwako, na abiria naye ana roho. Mwenyekiti mwenye akili hilo hatabisha maana hata yeye linamuweka pabaya. La pili kuosha aoshe Jumamosi, siku za shule wamfukuze wenyewe. Akifukuzwa na wewe atarudi, akifukuzwa na wale anaowaheshimu wakamwambia dogo kasome kwanza, inamuingia.

Mikeka sasa hapo sina cha kuwatetea, ipo na inakula vijana. Wengine hesabu ya tajiri inaliwa humo. Na dogo anaanza na mia tano mia tano, akishakula mara moja basi.

mama_wawili_Muscat

Nimesoma huku nalia jamani. Mimi ni mama yake mwingine, yaani nipo hali hiyo hiyo, watoto wangu wako kwa dada yangu Tanga. Kaka usimlaumu dada yako kwa simu. Huku ukikaa peke yako usiku unachowaza ni nitume nini wasinisahau. Nguo, viatu, simu, na hela kidogo kwenye namba yake mwenyewe ili aone kwamba nimemkumbuka yeye, sio ukoo. Hela hiyo ndo inayobeti.

Ongea na dada yako ila usimpigie kumshtaki mtoto, ukimpigia kwa kushtaki atafanya kimoja kati ya viwili, atamfokea kwa voisi noti ya dakika tano ambayo kijana hataisikiliza, au atamtetea akutumie wewe maneno. Mwambie hela yote ipitie kwako au kwa wifi yake, na kijana ajue kiasi kilichoingia na kimefanya nini, msimfiche. Halafu mpange siku. Mimi napumzika Ijumaa, huku tuko mbele saa moja tu, Ijumaa jioni wanangu wanajua mama anapiga na siulizi shule kwanza. Tunaongea upuuzi, nani kaachana na nani mtaani, kuku wa dada katotoa. Yule mkubwa alikuwa hataki kuongea na mimi kabisa karibu nimkose, alianza kufunguka siku nilipomwambia ukweli kuhusu kazi yangu, kwamba kuna siku mwenye nyumba ananisema mpaka natamani kurudi. Nilikuwa nimemficha kila kitu nikidhani namlinda, kumbe yeye alikuwa anajua niko raha zangu nimemtupa.

Sauti ya Radi

Nimewasoma wote na sikatai mnayosema, lakini mnalainisha sana. Upweke sawa, bibi sawa, ila saa nne usiku ni saa nne usiku. Lazima kuwe na mstari na akiuvuka aone kitu. Mimi nililelewa na baba mkubwa mkali balaa na namshukuru mpaka leo.

Bi Nargisi

Radi mwanangu hakuna aliyesema asikatazwe. Baba yako mkubwa huyo mkali, alikuwa anakaa na wewe? Mnakula pamoja?

Sauti ya Radi

Kila siku. Na Jumapili ananipeleka mpirani.

Bi Nargisi

Ehe.

mjomba_wa_charambe

Nashukuruni sana, nimemsomea mke wangu yote mpaka ya mama wa Muscat na yeye kanyamaza muda. Newala tumeiacha kwa sasa, tumekubaliana mwezi wa 12 akifunga shule aende akae na bibi wamalizie korosho, nauli natoa mimi, na tumemwambia leo leo ili ajue anaenda likizo na atarudi. Alivyosikia aliuliza "kweli mjomba?" mara mbili.

Kesho mchana naenda kijiweni kama boda alivyosema. Dada nitaongea naye Ijumaa. Benchi fundi wa jirani ana mbao, hilo dogo.

Mwalimu nina swali lako moja. Saa ya kurudi niweke ngapi? Maana nikisema saa moja jioni atakuwa ndo mtoto pekee mtaani anayekimbilia ndani na wenzake watamcheka, na kuchekwa ndo kunamrudisha kule kule.

mwl_kisarawe

Swali zuri, na jibu lake hulipati peke yako. Saa ikiwekwa na nyumba moja mtoto anaona kaonewa, ikiwekwa na nyumba tatu nne hakuna wa kumcheka mwenzake. Iceland walikuwa na shida kubwa ya pombe kwa vijana, mwaka 1998 asilimia 42 ya wenye miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, kufika 2016 ikawa asilimia 5. Walifanya mengi, walimwaga hela kwenye michezo ya vijana, waliweka sheria ya muda wa watoto kuwa nje usiku, lakini moja ni wazazi wa shule moja kukaa na kutia saini makubaliano ya pamoja, kwamba wetu wote wanafanya hivi. Hapa kwetu hiyo ya kusaini wala hatuihitaji, tuna namba za simu na tunaishi mlango kwa mlango.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nenda shuleni kabla ya kengele, muone mwalimu wa darasa, angalia kwanza rejista ya mahudhurio kama dogo anafika kweli siku zote, maana hilo hujalisema na mimi lingenihangaisha kuliko mikeka. Halafu muulize anakaa dawati moja na nani, na anatembea na nani kurudi nyumbani. Chukua namba za wazazi wa hao, wawili wanatosha kuanzia. Saa mtaipanga nyinyi, mimi ningesema saa kumi na mbili na nusu siku za shule, wikiendi saa mbili. Na ukirudi utuambie rejista imesemaje.