Tupeane uzoefu: ulikodi gari nje ya nchi, kipi kilikukuta?

Wakuu habari za saa hizi. Mdogo wangu anaenda Dubai wiki ijayo kufuata mzigo, kaniuliza akodi gari au apande metro na teksi, nikajikuta nina mengi ya kumwambia na najua humu kuna wenye mengi kuliko mimi. Tupeane uzoefu, mazuri na machungu.

Naanza mimi. 2023 nilienda Dubai na mama watoto siku tano. Gari dogo dirham 90 kwa siku, dipoziti dirham 1,500 wakaishikilia kwenye kadi, wakataka leseni yangu ya TRA pamoja na ile ya kimataifa ambayo nilishaichukua AA, chama cha wenye magari, kabla ya safari. Siku ya kwanza tabu ilikuwa mikono. Sisi magari yetu ya Japani usukani kulia na indiketa iko kulia, kule kila kitu kimegeuka, basi kila nikitaka kuhama leni pale Sheikh Zayed Road nawasha waipa, zinakwaruza kioo kikavu kra kra huku watu nyuma wananimulikia taa nitoke leni ya kushoto. Mama watoto ndo alikuwa anakumbusha "kulia baba, kaa kulia" kila tukitoka kwenye mzunguko. Kesho yake nikazoea na raha niliiona, tulienda mpaka Hatta kule milimani kwenye bwawa tukarudi jioni, kwa teksi tusingethubutu.

Maumivu yalikuja nikiwa nyumbani. Gari tulirudisha saa tisa usiku, paking ya chini, taa hafifu, jamaa kazunguka mara moja kasema okei okei tukakimbilia ndege. Wiki tatu baadae wanakata hela. Salik sina ugomvi nayo, yale mageti ya tozo hayana kizuizi wala mtu, unapita tu yanasoma, wakati ule dirham 4 kila geti na kampuni ikaongeza yake juu. Faini ya spidi moja, ni yangu. Ila kulikuwa na dirham 850 za mkwaruzo chini ya bampa ya mbele, chini kabisa, pale ambapo bila kuchutama huuoni. Na mimi siku ya kuchukua gari sikuchutama. Sina picha sina video, ningesimamia wapi? Mpaka leo inaniuma kwa sababu nina hakika sikugusa kitu.

Karibuni.

*

Mdau wa Muscat:
Pole sana mkuu, hiyo ya bampa ni ugonjwa wa wengi. Mie naishi huku Oman mwaka wa nane, wageni wangu wakija kutoka Unguja nawaambia jambo moja, kama mnataka kupanda mlima wa Jabal Akhdar msikodi salun. Binamu yangu alinibishia, kaona kagari kadogo bei nafuu, kaendesha karibu saa mbili kutoka Muscat na watoto nyuma, kufika Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi, askari kaangalia gari tu kasema rudi. Huko juu hupandi bila gari la 4x4, na wana haki, mteremko ule ukishuka kwa kukanyaga breki tu zinapata moto, watu wamekufa. Basi wamekaa dukani pale Nizwa, mji wa jirani, watoto wanalia, mzee mmoja mwenye duka akawasikia wanavyosemezana akawaitikia kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, kumbe kazaliwa Ng'ambo. Kampigia kijana wake mwenye Land Cruiser, wakapandishwa mpaka juu kwenye mita elfu mbili na ushee, wakaletewa kahawa na tende, na mzee alikataa hata pesa ya petroli. Binamu hadi leo akipiga simu anamuulizia yule mzee kwanza.

*

Mdau wa Nairobi:
Mimi yangu ni Italia. Tulikodi gari Roma tukaenda Florence, hoteli ilikuwa katikati ya mji wa zamani. Ramani ya simu ikatupeleka tu, hatukuona askari, hatukusimamishwa popote, tukalala vizuri. Baada ya miezi kadhaa faini mbili zikanifuata Nairobi, moja ya kuingia na moja ya kuingia tena tukitafuta paking, na kabla ya hizo kampuni ilishanikata ada yake kwa kila faini eti ya kutoa jina langu kwa manispaa. Kule kuna maeneo yanaitwa ZTL, magari ya wasio na kibali hayaruhusiwi saa fulani. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na kuna ubao wa taa unaandika "varco attivo". Mimi niliona attivo nikadhani geti liko wazi, kumbe maana yake kamera inafanya kazi usipite! Kama hoteli yako iko ndani waulize mapema, zipo zinazoweza kuandikisha namba ya gari lako. Mimi sikujua kuuliza.

*

Mdau aliyeenda Marekani:
Nilienda Texas mahafali ya binti yangu. Nimelipia gari mtandaoni kila kitu sawa, nafika kaunta dada ananiambia kadi yangu ni ya debiti, wao dipoziti wanataka kredit kadi yenye jina la dereva. Nimesimama na mabegi, safari ya saa ishirini na kitu mwilini, foleni nyuma yangu. Binti ikabidi aje kunichukua. Ulizeni hilo kabla hamjatoka nyumbani jamani. Na mkijaza mafuta wenyewe someni maandishi, kule mpini wa kijani mara nyingi ni dizeli.

*

Mdau wa Mbeya:
Sauzi ni rahisi, upande ni uleule wa kushoto. Ila ukitaka kuvuka nalo kwenda Botswana au Eswatini omba barua ya kampuni mapema, bila barua mpakani hupiti.

*

Mdau wa Muscat:
Mleta uzi, huyo mdogo wako mwambie apige video, sio picha. Aanze na namba ya gari, dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta, azunguke taratibu, rimu zote nne, kioo, ashuke chini ya bampa. Afanye hivyohivyo siku ya kurudisha.

*

Mleta uzi:
Wakuu nawarudishia mrejesho. Dogo kafika jana, kaamua kukodi. Kanitumia video ya dakika nne, nimeiangalia yote. Anasema alivyochutama tu na simu, yule kijana wa kampuni akamwambia subiri, akachukua ile fomu yenye mchoro wa gari, akachutama na yeye, akaongeza alama mbili kwa kalamu chini ya bampa na moja kwenye rimu ya nyuma.