Mzee kasaini mwenyewe, mbona daktari anamsubiri mwanawe?

Nesi_Daegu: Wakuu, nasoma uzamili wa uuguzi huku Korea Kusini. Wodini kuna mzee wa saratani ya ini, alishaandikisha kwamba siku zake zikifika asiwekewe mashine ya kupumulia. Maandishi yamo kwenye mfumo wa serikali. Juzi kazidiwa, daktari akampigia kwanza mwanawe mkubwa aliyeko Busan. Wenzangu hata hawakushtuka. Sheria ya kumruhusu mgonjwa kukataa mashine si inafanya kazi tangu Februari 2018?

Mzee wa ICU: Dada, kuzidiwa hakutoshi. Daktari wake na bingwa mwingine lazima wakubaliane kwamba mgonjwa yuko sakaratini, haponi tena, ndipo maandishi yaanze kufanya kazi. Na hata hapo dawa ya maumivu, chakula, maji na oksijeni ya kawaida haviondolewi.

Halafu kuna woga wa zamani. Mwaka 1997, Seoul, mke alidai mumewe aliyepasuliwa kichwa atolewe hospitali, gharama zimemshinda. Madaktari wakamsainisha, wakamruhusu, mgonjwa akafa. Wakatiwa hatiani kwa kusaidia mauaji, na Mahakama ya Juu ikakazia hukumu 2004. Mahakama hiyohiyo 2009 ikaruhusu bibi mmoja atolewe mashine hospitali ya Severance, Seoul, familia yake ndiyo iliyofungua kesi; akapumua mwenyewe miezi zaidi ya sita! Niliofanya nao kazi huko hawaipingi karatasi. Ila marehemu hashtaki mtu, wanaoshtaki ni watoto.

Bi Rehema: Mkuu, si woga tu. Kule mtoto akisema "basi, mwacheni baba", shangazi na wajomba wanamwona kamtupa mzazi. Wazee wengi wanasaini ili mtoto asilazimike kulitamka hilo. Kufikia mwisho wa 2023 walishajiandikisha zaidi ya milioni 2. Shida, mtu anakwenda ofisi ya bima ya afya, anasaini, anarudi nyumbani kimya.

Nesi_Daegu: Ndivyo ilivyokuwa! Mwana kafika jana, hakuwa na habari. Kakaa na daktari muda mrefu korido. Na ile fomu ambayo daktari anaandika pamoja na mgonjwa? Hapa naona inaletwa mgonjwa akiwa hajitambui tena.

Mzee wa ICU: Hiyo inaruhusiwa mapema, mgonjwa akishaambiwa kabakiza miezi. Lakini ndugu humwomba daktari asimwambie. Sasa atasaini nini mtu asiyejua anaumwa nini? Mwulize mshauri wa wodi kama mzee wako aliambiwa.